Salamu za Bi Mwamvua

Juzi jirani yangu alirudi kutoka Tabora kumwona mama yake, akaniletea mfuko wa michembe. Kwa asiyeijua, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vyembamba na kuanikwa juani mpaka vikakauka kabisa. Niliufungua mfuko jikoni, nikainamisha pua, na harufu ile ya utamu na vumbi ikaniacha nimesimama na mwiko mkononi, nacheka peke yangu. Mwanangu akaniuliza, "Mama, kuna nini?" Nikamwambia kunanukia maktaba. Akanitazama kwa huruma, kama watoto wa siku hizi wanavyotutazama, akarudi kwenye simu yake.

Lakini nilisema kweli. Wengine maktaba zao zinanukia karatasi. Ya kwangu ilinukia michembe, na kwa mbali udongo mkavu, kwa sababu chumba kile kilikuwa stoo ya majembe ya shule kabla Bi Mwamvua hajakiteka.

Tulifika Chanika, pembezoni kabisa mwa jiji, kwa sababu ya ndoto ambayo wenzangu wa umri wangu mtaikumbuka. Kila mzazi aliyepanga nyumba alitaka kuhamia kwake, hata kama kwake hakuna dari. Baba alikuwa karani, na alipoona kuta zimesimama na bati limekaa akatangaza kwamba tumemaliza. Tukahama Kimara tukaingia nyumba ambayo madirisha yake yalikuwa mbao zilizopigiliwa misumari. Upande mmoja shamba la mihogo, upande wa pili msingi wa mtu ambaye hajarudi kuumalizia. Mama akasema hewa ni nzuri. Mimi nikasema nataka kurudi Kimara, na hakuna aliyenisikiliza.

Lazima niwaambie jinsi tulivyolelewa, la sivyo yaliyofuata hayataeleweka. Wazazi wangu walitoka Bukoba, wote wawili watu wa kanisani, na nyumbani kwetu maneno yalipigwa pasi kabla ya kutoka mdomoni. Neno "mjinga" lilitosha kukupigisha magoti mpaka chakula kiive. Habari za makabila Baba hakuzitaka kabisa. Alisema kabila ni mzigo ambao mtu anatakiwa ausahau stendi ya basi.

Sasa chukua mtoto wa namna hiyo umtie darasa la tano la shule mpya. Siku ya kwanza niliinua mkono nikasema, "Mwalimu, naomba ruhusa niende maliwatoni." Darasa zima likaangua kicheko. Kuna mmoja nyuma aliyerudia "maliwatoni, maliwatoni" kwa sauti ya puani mpaka wakati wa uji. Sikulia. Nilifunga mdomo tu, na nilipoufunga nikaona kuna raha yake, nikauacha hivyo hivyo. Nikiulizwa swali nilisimama nikatazama vidole vyangu vya miguu mpaka mwalimu anachoka. Hadija, niliyekaa naye dawati moja, alinisemesha siku mbili tatu, akaona hapati kitu, akaanza kuzungumza na wa dawati la mbele.

Mwalimu wetu wa darasa alikuwa Mwalimu Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye sauti ambayo haikuhitaji kengele. Alitufundisha sayansi. Alipoliona jina langu kwenye mahudhurio alishangaa waziwazi. "Mhaya mnyamavu! Wahaya wote niliowafundisha, sijapata kuona aliyeishiwa maneno. Au ulinyang'anywa njiani?" Wakacheka tena. Nikatazama vidole vya miguu.

Mtu aliyeniokoa, au niseme aliyeanza kuniokoa, ni Bi Mwamvua wa maktaba. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mzaramo wa upande wa Kisarawe, kanga begani siku zote na miwani iliyoning'inia kwa kamba ya kiatu. Rafu zake zilikuwa mbao juu ya matofali. Vitabu vilivyochanika alivivalisha karatasi za mifuko ya saruji na kuviandika majina kwa mwandiko mkubwa. Alikuwa na sheria moja tu, kwamba kitabu hakirudi kimya. Ukikirudisha, unamsimulia kilichomo kwa maneno yako mwenyewe, naye anakaa anasikiliza kama mtu anayesimuliwa umbea wa mtaani, anashika kifua, anauliza, "Ehee? Ikawaje sasa?" Ukimaliza anavuta mfuko chini ya meza anakupa kipande cha mchembe. Mimi nilimsimulia kwa kunong'ona, mdomo wangu karibu na sikio lake, na hakuwahi kuniambia nipaze sauti.

Halafu alikuwa na jambo lililotutisha. Alijua mambo ya darasani kwetu kabla hatujamwambia. Unaingia tu anakuuliza, "Weye habari ya mizizi imekutoka, eeh? Kaa hapa, soma ukurasa wenye kitambaa." Na kweli mizizi ilikuwa imenitoka. Ndani ya vitabu alibandika vipande vya kanga kuukuu kwenye kurasa alizotaka tuzione, na kila Jumatatu alitoa boksi la darasa, boksi la vigae lililojaa vitabu vya kile kitakachofundishwa wiki hiyo. Wenzangu walikuwa na maelezo yao. Walisema ana majini yanayokaa juu ya kenchi, zile mbao za paa la darasa letu, na kumpelekea habari. Mimi, mtoto wa kanisani, sikuamini majini, ila nilikuwa nalitupia macho kenchi mara moja moja.

Basi Ijumaa moja baada ya masomo nilikuwa nyuma ya rafu nikisoma, mara nikasikia sauti ikitangulia mwili.

"Mzaramo! Umeamka, au nikuache umalizie usingizi?"

"Mpagazi huyo kaja," Bi Mwamvua akajibu bila kuinua kichwa. "Kung'uta miguu hapo nje. Usiniletee vumbi la kwenu."

"Huyu mwanamke anajua kweli kwamba babu yake tulimnunua kwa kibaba cha chumvi?"

"Chumvi yenyewe mliibeba kichwani toka huku pwani mpaka Tabora, mnahema. Sasa hapo mtumwa nani?"

Mwalimu Maganga akatupa mfuko mezani. "Haya, chukua. Chakula cha watu wenye meno."

"Maganda ya miti haya. Ntawapa mbuzi."

Nyuma ya rafu nilikuwa nimekumbatia kitabu. Sijapata kusikia watu wazima wakiambizana maneno kama yale, tena walimu, tena shuleni. Kisha wakavuta viti, wakainamia karatasi alizokuja nazo Mwalimu, na sauti zao zikashuka mpaka nikawa sisikii kitu. Niliamini kabisa kwamba hapo ndipo wanapotishiana kweli.

Wewe unayesoma umeshacheka, kwa sababu unajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, na mtani haumizwi na maneno ya mtani wake. Mimi sikujua. Hilo Baba alikuwa ameliacha stendi pamoja na kabila lenyewe. Nilichokijua ni kwamba nyumbani kwetu mtu aliyesema sehemu ya kumi ya maneno yale angefukuzwa, na nikapiga hesabu zangu za kitoto. Mmoja wao atafukuzwa. Mwalimu Maganga ana darasa zima, hawezi kuondoka. Bi Mwamvua ana chumba tu, na Mwalimu Mkuu alishapita mara kadhaa akachungulia na kusema majembe yanalowa mvua huko nje. Wakubwa wakigombana, majembe yatarudi ndani, na mimi sitakuwa na mtu yeyote wa kumnong'oneza chochote katika Chanika nzima.

Wiki iliyofuata Bi Mwamvua akanipa kazi. Nilipomaliza kumsimulia kitabu changu akaniambia, "Weye miguu yako myepesi. Toka leo ndo mjumbe wangu. Nenda kasimame mlangoni kwenu, umwambie huyo mpagazi mbele ya darasa: mzigo wake upo tayari, aje abebe mwenyewe, na asisingizie mgongo, kwao mgongo ndo cheti."

Nilivuka uwanja kama mtu anayepelekwa kituoni. Mlangoni Mwalimu Maganga akaacha chaki, akakunja mikono, akatabasamu. Darasa lote likanigeukia. Nikanong'ona, "Bi Mwamvua anakusalimia, Mwalimu. Anasema vitabu viko tayari. Pole na kazi."

Tabasamu lake likapungua. "Amesema hivyo? Pole na kazi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Haya," akasema, akajikuna kidevu. "Mwambie nimesikia. Mwambie Mzaramo akiona kazi anaumwa kichwa, akisikia ngoma anapona."

Nikavuka uwanja tena, njia nzima nikiyapiga pasi maneno yale. "Mwalimu anasema asante," nikamwambia Bi Mwamvua. "Anauliza umeamka salama."

Bi Mwamvua akavua miwani. "Kaniuliza nimeamka salama?" Akaitazama saa ukutani, akanitazama mimi. "Makubwa."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ya kuleta amani duniani. Kila Jumatatu na kila nilipotumwa katikati ya wiki, tusi lilitoka upande mmoja na dua ikafika upande wa pili. Niliifurahia kazi ile. Usiku nilikuwa naandaa salamu kichwani mapema, zikisubiri matusi. Nilijifunza kuweka "tafadhali" mwanzoni na "Mungu akubariki" mwishoni. Siku ambayo Mwalimu Maganga alinituma nimwambie Bi Mwamvua kwamba mbu wa Kisarawe wanamsusa kwa uvivu wake, nilifikisha kwamba Mwalimu anamwombea siku njema yeye na jamaa zake wote. Nilitegemea macho yake yang'ae. Akafunga ncha ya kanga, akafungua, akafunga tena.

Nao wakaanza kubadilika, kama nilivyotaka. Walipokutana mstarini walisalimiana kwa upole, "habari za asubuhi," "nzuri, sijui zako," wakapishana. Nilijiona mtu mkubwa. Halafu Ijumaa moja Mwalimu Maganga hakwenda maktaba kama ilivyokuwa desturi yake. Ijumaa iliyofuata hakwenda tena. Mfuko wa michembe chini ya meza ukaisha na haukuja mwingine, na Bi Mwamvua akaacha kutujua. Ulikuwa ukiingia anakuuliza, "Nyie mnasoma nini siku hizi?" kama mgeni.

Sasa hapo ndipo mambo yalipotuumiza. Darasani kwetu Mwalimu Maganga alikuwa na desturi ya kuacha swali moja bila jibu, tulitafute wenyewe kwenye boksi. Wakati ule swali lilikuwa la nyumbani kwa akina Hadija. Mihogo ya bibi yake ilikuwa inaharibika ikiwa bado ardhini; ukiing'oa nje ni mizima, ukiikata ndani ina kahawia. Bibi alikuwa na hakika kwamba kuna jirani anayeiroga. Mwalimu akasema kabla hatujamshika jirani tuangalie kwanza vitabuni. Tukangoja boksi kwa hamu, likaja limejaa habari za sayari. Nzuri sana, zenye picha, ila haimo hata moja inayosema kitu kuhusu muhogo. Jumatatu iliyofuata halikuja kabisa. Mwalimu akarudi kwenye kile kitabu kimoja cha darasa, akawa anaandika ubaoni nasi tunanakili mpaka vidole vinauma, na Hadija akawa anauliza kila siku, "Mwalimu, na mihogo?"

Niseme hapa kabla sijasahau, lile swali tulikuja kulijibu. Kulikuwa na kijitabu cha wakulima kwenye rafu ya chini kabisa, kilichosema ni ugonjwa, unahama na pingili unazopandia, na dawa yake ni kung'oa na kupanda mbegu safi. Hadija alimsomea bibi yake kwa sauti ukurasa mzima. Jirani akasalimika.

Siku hizi nami nina mtoto shuleni, ninaelewa nilichokuwa nakiona bila kukijua. Karatasi zile za Ijumaa zilikuwa maandalio ya masomo. Pale walipoinama na kushusha sauti, Mwalimu alikuwa anamweleza wiki ijayo atafundisha nini, nani kabaki nyuma, nani kachoka na rahisi anataka kigumu, na Bi Mwamvua anachagua kitabu kwa kila kichwa. Majini ya kenchi yalikuwa ni Mwalimu Maganga mwenyewe. Darasa letu lilitembea kwa miguu miwili, na mimi kwa heshima zangu nilikuwa nimeufunga mmoja kamba.

Lakini wakati ule nilichokiona ni kwamba bado kuna ugomvi, na kwamba dawa haijatosha. Nikaongeza dozi. Siku moja Bi Mwamvua, kwa sauti ya mtu anayejaribu mara ya mwisho, alinituma niende nikamwulize mpagazi kama amepotea njia au amekufa porini. Nikaenda nikasema, "Bi Mwamvua anasema samahani sana kwa usumbufu, mheshimiwa."

Mwalimu Maganga akaiweka chaki mezani. Uso wake ukawa uso wa mtu aliyepewa habari za msiba. "Mheshimiwa," akarudia polepole. "Kaniita mheshimiwa." Akatoa leso akajifuta paji. Akatuambia, "Simameni wote. Twendeni."

Tulivuka uwanja darasa zima, yeye mbele, akichomekea shati vizuri. Mlangoni kwa maktaba akasimama, akavuta pumzi, akafanya jambo ambalo sijapata kumwona akilifanya. Akabisha hodi.

"Karibu, Mwalimu," Bi Mwamvua akasema, akanyanyuka kitini. Naye hakuwahi kumnyanyukia.

"Habari za kutwa?"

"Nzuri, namshukuru Mungu. Na wewe?"

"Nzuri pia."

Sisi tukasukumana mlangoni na kwenye dirisha. Mwishowe Mwalimu akakohoa.

"Bi Mwamvua, nimekuja mbele ya watoto hawa, wawe mashahidi. Kama kuna neno nilikukosea, nitamkie. Muda wote huu unanitumia 'pole na kazi'. Nikavumilia. Ukaja na 'Mungu akubariki', nikasema labda mfungo. Leo mheshimiwa! Mimi, mheshimiwa! Nimekufanya nini, mama?"

Bi Mwamvua akaweka mkono kiunoni. "Mie? Mie ndo wa kuulizwa? Si weye unayeniuliza kila kukicha kama nimeamka salama? Unaniombea siku njema mie na jamaa zangu! Nikasema huyu kapata uhamisho, anaaga kwa mafumbo. Nimekaa humu nimenyongea, watoto wananiona."

"Sijawahi kukuombea siku njema hata mara moja!"

"Na mie pole na kazi sijakutumia! Kazi ipi uliyonayo weye ya kupewa pole?"

Wakabaki wanatazamana, midomo wazi. Halafu taratibu, wote wawili kwa pamoja, wakageuka wakanitazama mimi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wenzangu wakanifungulia njia, kila mmoja akirudi nyuma kidogo, mpaka nikajikuta nimesimama katikati ya chumba peke yangu.

"Njoo, mwanangu," Bi Mwamvua akasema. "Mjumbe hauawi. Sie tulikutuma maneno. Uliyapeleka wapi?"

Nikanong'ona kitu.

"Sikusikii."

"Mnatukanana," nikasema, na machozi yakaja. "Nilitaka msitukanane. Watakufukuza."

Kisha Hadija, kule dirishani, akasema kwa mshangao mkubwa, "Si watani hao! Hata mdogo wangu anajua!" Na darasa zima likadakia kwamba ni watani, ni watani, kila mtu anapaza sauti kuliko mwenzake, na mmoja akanieleza kwamba hata babu yake akifa, Mnyamwezi atakuja kumcheka mbele ya jeneza.

Bi Mwamvua hakucheka. Alinivuta karibu, akanifuta uso kwa kanga yake. "Hakuna wa kunifukuza mie," akasema. "Sikiliza nikwambie. Huyu bwana na mie tuliketi hapa Ijumaa moja, tukasema huyu mtoto ana maneno mengi tumboni ila yamekwama. Tutamtoaje? Nikamwambia, tukimtuma salamu za heshima atazinong'ona. Utani haunong'oneki. Mtoto akisimama mlangoni akamwita mwalimu wake mpagazi, darasa litacheka, na safari hii litacheka naye. Ndo maana tukakuchagua weye. Hatukudhani mtoto asiyesema neno anaweza kutunga salamu zake mwenyewe."

"Na yeye," Mwalimu Maganga akasema, sauti yake si ile ya kawaida, "akatugeuza sote wawili kuwa wageni waheshimiwa." Akageuka kwa Bi Mwamvua. "Mimi nilidhani umenichoka."

"Mie nilidhani hivyo hivyo. Mtu akianza kukuheshimu ghafla, ujue kakuweka mbali." Akavuta pua, akajipangusa, akanigeuza kwa mabega nimtazame Mwalimu. "Haya. Deni la maneno hulipwa kwa maneno. Jumatatu ile ya kwanza nilikutuma nini?"

"Ulisema..."

"Usiniambie mie. Mwambie yeye."

Nikasema. Sauti ilitoka ndogo, imepinda. Mwalimu akaweka kiganja sikioni. "Masikio haya yanasikia fisi wa Tabora, lakini wewe sikusikii." Nikarudia kidogo zaidi. "Bado!" wakapiga kelele wale wa dirishani. Nikavuta pumzi, nikapiga kelele: "Bi Mwamvua anasema mzigo wako uko tayari, uje ubebe mwenyewe, na usisingizie mgongo, kwenu mgongo ndo cheti!"

Jamani. Kicheko kile kilitikisa bati. Watoto wa darasa la nne walikimbia kuja kuona. Mwalimu Maganga alikalia benchi akajipiga mapaja, na Bi Mwamvua akaniambia sasa geuka, lete ya kwake, nikageuka nikamfikishia ile ya ngoma na kichwa, nikageuka tena, na tena, nikiyatoa moja moja yote niliyoyaficha, mbu wa Kisarawe, kufa porini, yote, kila moja kwa sauti kubwa kuliko lililotangulia. Kumbe sikuwa nimesahau hata moja. Jasho lilinitoka, na nilikuwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu tutoke Kimara.

Tulipokwisha tulia, Mwalimu Maganga akasimama, akanizunguka taratibu akinikagua toka kichwani mpaka miguuni.

"Sasa wewe mjukuu wangu," akasema. "Huyu mzee Mzaramo ni bibi yako, mimi babu yako, na babu na mjukuu nao ni watani, sheria hiyo ipo kila kabila. Kwa hiyo nakuuliza kama babu, na unijibu kama mjukuu. Sisi hapa Chanika tulikuwa tumekaa zetu salama, hatuna shida na mtu. Wewe Mhaya nani alikuleta kutuvuruga?"

Macho yote yalikuwa kwangu. Nilitazama vidole vyangu vya miguu, kwa mazoea, nikaona havina msaada wowote. Nikainua uso. Sijui jibu lile lilitoka wapi. Hakuna aliyenituma nalo.

"Nimeletwa na baba, Mwalimu," nikasema. "Alisikia huku kuna Mnyamwezi anafundisha, akaniambia, mwanangu, hebu nenda ukamsaidie."

Hata mimi nilijishangaa, mkono ukaniziba mdomo wenyewe. Kisha Bi Mwamvua akapiga kigelegele, kirefu, cha harusini, na Mwalimu Maganga akainua mikono juu kama mtu aliyekamatwa, akacheka mpaka akashika rafu, na vitabu viwili vikaanguka.

Tuliporudi darasani kelele hazikuwa zimeisha. Nikakaa kwenye dawati letu, masikio yanawaka. Hadija akanitazama kwa muda, akanitazama tena, kisha akajisogeza, bega lake likagusana na langu.

"Kumbe unaongea?" akaniuliza.

"Naongea sana," nikamwambia, na mpaka leo sijanyamaza.